Anza na watu saba na daftari moja: namna ya kujenga grupu la walimu linalofundisha walimu

Wiki iliyopita mwalimu mpya wa shule jirani alinisimamisha kwenye kijiwe cha bodaboda akaniomba nimwingize kwenye grupu letu la Hisabati. Nilimkatalia. Alinuna kidogo, na haki yake. Yeye anafundisha Darasa la II, sisi tunahangaika na sehemu na desimali za Darasa la V. Angekaa humo miezi mitatu akisoma mambo yasiyomhusu, kisha angejitoa kimyakimya kama wanavyojitoa wengi. Nikamwambia, mdogo wangu, anzisha lako, nitakuandikia namna. Haya ndiyo niliyomwahidi, na kwa kuwa najua hayuko peke yake, nayaweka hapa wazi.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali huku Mbinga, juu kwenye kahawa na mashamba ya ngoro, mahali ambapo mtandao unapatikana ukisimama karibu na tanki la maji. Darasa langu la V lina watoto 86. Simu yangu ina magrupu kumi na manne ya walimu. Niliyahesabu jana usiku nikisubiri maharage yaive. Kuna la shule, la kata, la wilaya, la tuliomaliza chuo pamoja, la chama, mawili ya kukopeshana, na moja la msiba wa mwaka juzi ambalo hakuna mwenye moyo wa kulifunga. Katika hayo yote, ninalojifunzia kazi yangu ni moja tu. Lina watu kumi na tisa. Lilianza na saba.

Hayo mengine si mabaya. Matangazo ya mkuu wa shule lazima yafike, na rambirambi nazo lazima zichangwe. Ila tusiyaite ya kujifunzia.

Redio na mwembe

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu wa UPE, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi iliamua kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, na walimu wa kutosha hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Nusu siku walifundisha, nusu siku walisoma ualimu hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Nikimlalamikia habari za bando huwa ananicheka. Anasema chuo chao kilikuwa redio moja na vijana sita chini ya mwembe. Kipindi kikiisha, redio ilizimwa haraka ili betri zisiishe, na hapo ndipo walipoanza kubishana: yule bwana redioni kasema hivi, lakini kwangu darasani nilipojaribu ikawa vile. Walibishana mpaka giza.

Magrupu mengi ya walimu siku hizi yana redio, mwembe hakuna. Mtu anaandika, "Naomba andalio la somo la Sayansi Darasa la IV." Mwingine anatupa faili. Watu ishirini wanasema asante. Hakuna anayeuliza somo lilikwendaje. Nilikuwa kwenye grupu moja la namna hiyo tangu enzi zile WhatsApp ikiishia watu 256, nalo lilikuwa limejaa pomoni. Siku moja nilitulia nikafungua maandalio manane ya mada moja niliyokuwa nimeyapakua humo. Yalikuwa andalio lilelile moja, limebadilishwa jina la shule juu. Hata kosa la tahajia kwenye neno "mstatili" lilikuwa limesafiri salama katika shule zote nane. (Siku hizi WhatsApp inakubali watu 1,024 kwenye grupu moja. Usiichukue kama changamoto.)

Watu saba, na usiwatafute mtandaoni

Inashangaza kidogo, lakini mtandao wa walimu unaanza nje ya mtandao. Wale sita wa mwanzo, karibu wote niliwapata kwa macho yangu. Wawili tulikutana kwenye kusahihisha mitihani ya wilaya, tukawa tunalala chumba kimoja na kulalamikia majibu yaleyale. Mmoja tulisoma naye chuo, sasa yuko Tunduru. Mmoja nilimsikia akiuliza swali zuri kwenye semina ya Kituo cha Walimu, swali ambalo mwezeshaji alilikwepa. Mwingine alikuja kwa mmoja wa hao, na wa sita ni kaka mmoja wa Mbamba Bay ambaye sijaonana naye ana kwa ana hadi leo.

Chagua watu wa somo moja na darasa moja, au yanayokaribiana sana. Hapa watu wengi hukosea. Wanaweka "Walimu Bora Ruvuma" au "Elimu Kwanza Tanzania", na humo anakuwamo wa Awali na wa Kidato cha Sita. Swali la mmoja linakuwa kelele kwa mwingine. Kwa upande mwingine, wasiwe wote wa shule moja. Mkiwa shule moja mtaogopana. Kesho mko chumba kimoja cha walimu na yule uliyekiri mbele yake kwamba hujui kufundisha asilimia. Mtu wa Tunduru hawezi kulipeleka jambo lako kwa mwalimu wako mkuu.

Na wakubwa je? Nitasema nilichofanya mimi, wewe upime. Afisa Elimu Kata wetu ni mtu mwema na nilimweleza mapema kwamba tuna grupu la kusaidiana masomo, ili asilisikie vichochoroni. Sikumwingiza. Mwenye mamlaka juu yako akiwemo, watu huandika wanayotaka yeye ayasome. Utaona mwalimu ambaye jana alisema darasa limemshinda leo anaandika "ufundishaji unaendelea vizuri, mkuu".

Swali la 2/5

Kilicholifanya grupu letu liwe grupu ni picha moja ya daftari. Tulikuwa tumeanza wiki mbili nyuma na tulikuwa bado tunasalimiana tu. Jumapili moja jioni nikapiga picha ukurasa wa mtoto wangu mmoja, nikafunika jina kwa kidole gumba, nikatuma. Mtoto alikuwa ameandika:

1/2 + 1/3 = 2/5

Nikaandika chini yake: "Watoto 51 kati ya 86 wamefanya hivi. Nimefundisha KDS (kigawe kidogo cha shirika) siku nne. Nimekosea wapi?"

Kila mwalimu wa Hisabati ameliona kosa hilo mara elfu. Amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, kamaliza. Majibu ya kwanza yalikuwa yale ambayo mimi mwenyewe ningeyatoa. Mmoja akasema niongeze mazoezi. Mwingine akasema hawakuelewa kigawe kidogo cha shirika, nirudi nyuma. Wa Tunduru akatuma andalio lake. Basi, nikaona jambo ndiyo hilo limekwisha.

Kesho yake mchana kaka wa Mbamba Bay akatuma ujumbe wa sauti, upepo wa ziwa unavuma nyuma yake. Alikuwa ameliweka swali lilelile kwa darasa lake, wakakosea vilevile, lakini yeye alifanya jambo ambalo sisi wengine hatukulifikiria: alimwita mtoto mmoja na kumuuliza kwa upole, kwa nini umefanya hivi? Mtoto akamjibu, "Si ndivyo unavyojumlisha maksi zetu, mwalimu?"

Nilisikiliza ile sauti mara tatu. Kisha nikaenda kuchukua daftari la mtihani wa wiki. Sehemu A mtoto kapata 4/5, Sehemu B kapata 3/5, na juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wangu mwenyewe: 7/10. Kila Ijumaa kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiwafundisha watoto kujumlisha asili na asili, na Jumatatu nawachapia makosa mekundu kwa kunisikiliza.

Usiku ule grupu halikulala. Mmoja alisema tuache kuandika maksi kwa mkwaju (/), tuandike "4 kati ya 5". Mwingine akapinga, akasema fomu zote za shule zimeandikwa hivyo, na mtoto ataliona jambo hilo maisha yake yote. Afadhali aambiwe wazi kwamba maksi ni mambo mawili tofauti yamehesabiwa pamoja, na sehemu ni vipande vya kitu kimoja. Ikaamuliwa kila mtu ajaribu kwa namna yake hadi Alhamisi. Mimi nilileta mabua mawili ya muwa yenye urefu sawa. Nikakata nusu ya bua la kwanza na theluthi ya bua la pili, nikaviunganisha mbele yao. Kisha nikauliza: nusu peke yake na mbili ya tano, ipi kubwa? Wakachora, wakapima, wakaona mbili ya tano ni ndogo kuliko ile nusu tuliyoanza nayo. Binti mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Sasa umeongeza, mbona umepungukiwa?" Sijawahi kuwa na mstari mzuri kuliko huo kwenye andalio lolote. Kutoka hapo kufika 3/6 + 2/6 kulichukua kipindi kimoja.

Nilipotoa zoezi tena, waliokosea walikuwa 19. Hao 19 nao wana hadithi yao, ila si ya leo.

Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna mambo yote ya kuiga. Kilicholetwa kilikuwa kazi ya mtoto. Swali lilikuwa na idadi. Aliyeuliza alikubali kwamba kosa linaweza kuwa lake. Wenzake walienda kujaribu kwenye madarasa yao na kurudi na habari. Mambo manne hayo yakikosekana, faili hazitawasaidia.

Namna ya kuuliza

Linganisha maswali mawili. "Walimu, naomba mbinu za kufundisha sehemu." Hili litakuletea faili, au kimya. La pili ni lile la 51 kati ya 86. Kwa hiyo wafundishe wenzako, na wewe uanze kwa mfano, kwamba kila swali liwe na picha ya kazi ya mtoto au ubao, idadi ya waliokwama, ulichokwisha jaribu, na swali lenyewe kwa sentensi moja. Ujumbe usizidi urefu wa kioo cha simu. Wasiopenda kuandika waseme kwa sauti, lakini isizidi dakika mbili. Nina mwenzangu ambaye sauti zake ni mahubiri ya Pasaka, tunampenda na hatumsikilizi.

Wewe mwanzilishi ndiye unayepaswa kujivua nguo kwanza. Nasema kweli. Mwalimu wa Tanzania amezoea kukaguliwa, si kusaidiwa, na mtu aliyezoea kukaguliwa haonyeshi kidonda. Mpaka waone kwamba wewe umekiri jambo na dunia haikuanguka, wataendelea kutuma maua ya "Asubuhi njema".

Mkiishiwa maswali, na mtaishiwa mwezi wa tatu hivi, Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa baada ya mitihani. Zimo kwenye tovuti yao, bure, na za shule za msingi zimeandikwa kwa Kiswahili. Ndani yake utakuta swali, watoto walivyojibu, hata sampuli za majibu mabaya kwa mwandiko wao. Chukua ukurasa mmoja tu, tuma, uliza: wa kwako wangejibuje? Ukurasa mmoja. Ukituma taarifa nzima umerudi kwenye redio.

Shikamoo, maua na mikopo

Sheria zetu ni chache na ziko kwenye maelezo ya grupu, juu pale, anayeingia azisome. Salamu inatosha moja ya siku, kwa atakayeanza kuzungumza. Shikamoo zikiwa kumi na nane swali linazama. Jambo hili liliniletea shida, kwa sababu tuna mzee mmoja anayekaribia kustaafu na vijana waliona ni utovu wa adabu kumpita bila kumwamkia. Mwenyewe akalimaliza. Aliandika, "Shikamoo zenu zote nimezipokea hadi Desemba. Sasa nijibuni kuhusu kizio cha ujazo."

Hakuna siasa, hakuna kuforwadi, hakuna matangazo ya mikopo. Hilo la mikopo lishike sana. Wenye mikopo ya kausha damu wanajua walimu wana mshahara wa uhakika, na grupu la walimu ni bwawa lenye samaki. Akiingia mmoja, mtoe siku hiyohiyo bila mjadala. Mwingize mtu kwa kuombewa na aliyemo. Kiungo cha mwaliko usikitupe hovyo kwenye magrupu mengine.

Kuhusu kubishana na wakubwa kwa umri: tuna desturi ya kusema "kwangu ilikuwa tofauti, mwalimu" badala ya "umekosea". Maneno manne hayo yametuokoa mara nyingi.

Picha za watoto na mitihani

Hapa usinichukulie mzaha. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za watoto zinahesabiwa humo kuwa nyeti. Kwa hiyo kwetu hapigwi picha mtoto, inapigwa kazi yake. Jina linafunikwa kabla ya kupiga, si kwa kuchora juu yake baadaye, maana kuna rangi za simu ambazo ukiongeza mwanga unasoma kilicho chini. Hakuna jina la mtoto kwenye maandishi, hata la kwanza. Hakuna habari za nyumbani kwake. "Mtoto mmoja" inatosha.

Mtihani ambao haujafanyika hauwekwi kwenye grupu kwa sababu yoyote, hata wa wiki, hata wa kirafiki baina ya shule mbili. Niliwahi kuwa kwenye grupu la zamani ambako mtu alituma mtihani wa kujipima "kwa ajili ya marekebisho tu". Usiku ule ulifika kwa mwenye duka la fotokopi, asubuhi watoto walikuwa nao. Tuliandika barua za maelezo, wote, pamoja na waliokuwa wamezima data.

Na jua kwamba chochote unachoandika kinaweza kupigwa picha ya kioo na kupelekwa mahali. Ilitutokea mara moja. Mtu alisema jambo kali kuhusu mafunzo fulani, siku mbili baadaye akaulizwa ofisini. Hatukumjua aliyepeleka na tuliamua tusimsake. Tulichofanya ni kukubaliana kwamba grupu ni la kazi ya darasani, malalamiko ya kiutumishi yana mahali pake.

Ratiba ya bando na umeme

Grupu likiwa wazi saa ishirini na nne linachosha. La kwetu lina siku tatu. Jumapili saa mbili usiku swali moja linawekwa, na mwenye zamu ya swali anajulikana tangu mwezi unapoanza. Mwalimu yeyote anaielewa zamu. Kati ya Jumatatu na Jumatano watu wanajaribu darasani. Alhamisi jioni wanarudisha walichokiona. Ijumaa mwenye zamu anaandika muhtasari wa mistari mitano, na ndio tunaoubandika juu ya grupu kwa wiki nzima. Katikati ya hapo, kimya ni ruhusa. Wiki za mitihani na za mavuno ya kahawa tunafunga kabisa, na hakuna anayeombwa radhi.

Bando. Jambo la kwanza kila anayeingia anaelekezwa kufungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, azime upakuaji wa picha na video unaofanyika wenyewe. Video tumezipiga marufuku isipokuwa kwa makubaliano. Picha ya daftari ni kitu kidogo, sauti ya dakika moja ni kitu kidogo. Video ya dakika tano inaweza kumaliza bando la siku la mtu, naye hatasema, atajitoa tu. Ukiwa na jambo la kuonyesha, piga picha nne mfululizo. Muwa wangu ulieleweka kwa picha tatu.

Upo pia uwezo wa kupiga kura ndani ya WhatsApp. Ni mzuri kwa kupanga siku na kwa wale wanaosoma daima bila kuandika. "Je, kwako wamekosea zaidi ya nusu?" Ndiyo, Hapana. Mtu anabonyeza, ameshiriki, wiki ijayo labda ataandika. Nina dada mmoja wa Songea aliyebonyeza tu kwa miezi minne. Alipoandika, aliandika swali bora la mwaka.

Kufundisha somo moja pamoja

Mkishazoeana, miezi sita hivi, jaribuni hili. Wajapani wana utaratibu wanaouita jugyō kenkyū: walimu wanaandaa somo moja kwa pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa nyuma wakiwatazama watoto, kisha wanalivunjavunja na kulitengeneza upya. Sisi hatuwezi kukaa nyuma ya darasa la Mbamba Bay. Kwa hiyo tunaandaa pamoja Jumapili, mmoja anafundisha Jumatatu na kutuma picha za ubao na za madaftari matano: mawili ya waliofaulu, matatu ya waliokwama. Tunarekebisha usiku huo. Wa pili anafundisha Jumatano lililorekebishwa. Wa tatu, Ijumaa. Somo la tatu huwa halifanani na la kwanza kabisa. Tumefanya hivyo mara nne tu kwa miaka miwili, maana ni kazi. Lakini masomo hayo manne ndiyo ninayoyafundisha bila kushika karatasi.

Kuhifadhi

WhatsApp ni mto, kilichopita kimepita. Simu ikianguka kwenye ndoo, nayo ni hadithi nyingine. Mihutasari ya Ijumaa mimi naiandika kwenye kaunta buku, kwa kalamu, kila mada ukurasa wake. Kijana wetu wa mambo ya teknolojia alifungua pia chaneli ya Telegram tunakoweka mihutasari na picha, kwa sababu huko anayeingia leo anaweza kusoma tangu mwanzo. Vyote viwili vinafanya kazi. Mkaguzi alipokuja, aliomba kaunta buku.

Wasio na simujanja, na JzK ya shuleni

Shuleni kwetu tuko walimu tisa, wenye simu za maana ni watano. Usiwaache hao wanne. Tangu MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ilipoanza, kila shule inapaswa kuwa na jumuiya ya kujifunza, JzK, na kwenye shule nyingi inakutana kwa ajili ya sahihi tu. Mimi nililipeleka swali la 2/5 kwenye JzK yetu, nikalichora ubaoni. Mwalimu wa Maarifa ya Jamii, ambaye hajashika Hisabati tangu chuo, ndiye aliyesema kwamba hata kwenye ramani watoto wanajumlisha vipimio kwa namna hiyo. Nilirudi na jibu lake kwenye grupu. Kwa hiyo yapitishe maswali pande zote mbili: ya grupu yafike mezani shuleni, ya mezani yafike kwenye grupu. Moduli za Taasisi ya Elimu na vitabu vilivyomo kwenye Maktaba Mtandao yao navyo viingie hivyo hivyo, ukurasa mmoja kwa swali moja, hasa sasa ambapo mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024 unaendelea kupanda darasa kwa darasa.

Mkifika watu ishirini na tano, gawanyikeni. Mmoja aliyekaa nanyi mwaka aende akaanzishe la Darasa la VII. Msiogope, grupu kubwa si sifa.

Sasa, mdogo wangu, nimekumbuka ulichoniambia pale kwenye bodaboda kuhusu watoto wako. Nimekuandikia ujumbe wa kwanza, wewe badilisha idadi iwe ya kweli. Utume Jumapili saa mbili, kwa watu sita tu, wote wa Darasa la II, pamoja na picha ya ubao:

"Habari za jioni, walimu wenzangu. Watoto wangu 31 kati ya 74 wanaimba ba, be, bi, bo, bu bila kukosea hata wakiamshwa usingizini. Nikiandika 'babu' ubaoni, wananyamaza. Nimejaribu kadi za silabi kwa wiki mbili. Nadhani nimewafundisha wimbo, sijawafundisha kusoma. Kwenu ikoje? Kesho kila mmoja wetu amuulize mtoto mmoja anasikia nini akiona herufi ya kwanza, tukutane hapa Alhamisi."